Kuvua kwa kayaki kusi inapoanza

Kuanzia mwisho wa Machi mpaka katikati ya Mei, bahari ya Pemba haina mwenyewe. Pepo za kaskazi zimechoka, za kusi hazijakaa sawa. Wazee wanaita tangambili. Leo maji yamelala kama maziwa kwenye bakuli, kesho hivyo hivyo, keshokutwa saa 4 asubuhi unausikia mnazi wa nyuma ya nyumba unaanza kupigapiga makuti, na adhuhuri ikifika mlango mzima wa bahari umeota vishungi vyeupe. Samaki wapo, na bei inavutia kwa kuwa mashua nyingi ziko pwani zinakalafatiwa. Ndiyo maana watu hutoka siku ambazo wangelala.

Ninayoandika hapa ni ya mwenye kayaki ndogo ya plastiki, ile ya kukalia juu kama za mahotelini. Yangu ina mita 3 na nusu. Niliinunua kwenye hoteli moja iliyokuwa ikiuza vitu vyake chakavu, na pale Wesha ikabatizwa jina siku ile ile: hodhi la Mzungu. Ni nyepesi, haili mafuta, naibeba peke yangu. Lakini iko chini mno, upepo unaichezea, na wahenga waliosema ukenda tezi na omo marejeo ni ngamani hawakuiona: hii haina ngama, lile shimo la chini ndani ya chombo. Ukikosea, marejeo ni majini.

Kwanza: jua upepo unakupeleka wapi

Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki. Pwani za mashariki, kama Paje, Jambiani au Chwaka kwa Unguja, upepo huo unakusukuma kurudi nchi kavu. Pwani za magharibi, kama Wesha, Mkoani na Wete kwa Pemba, unakutoa nje. Ajabu ni kwamba pwani inayokutoa ndiyo yenye maji matulivu, kwa sababu kisiwa chenyewe kinakukinga. Kule mashariki bahari inanguruma kwenye mwamba, hata mtoto anaogopa. Huku magharibi inakuchekea.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naiburuta kayaki kuelekea majini, maji yametulia hadi kaa wanaonekana chini. Mzee mmoja alikuwa amekaa kivulini anasuka dema, ule mtego wa samaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wenda wapi na hodhi lako?"

"Kuvua, nje kidogo ya Ras Mkumbuu."

"Hebu tazama juu. Chini hakuna kitu."

Nikatazama. Pale tulipokuwa hata jani halikutikisika, lakini makuti ya vilele vya minazi yalikuwa yamelala yote upande mmoja, kuelekea baharini, yanatetemeka.

"Upepo upo, unakungoja nje," akasema, mikono haiachi kusuka. "Ukishatoka kwenye kivuli cha nchi, ndio wake. Na huko hakuna pwani mpaka bara."

Bara ni kama kilomita 50. Sikutoka, na sijisifu kwa busara, nilibaki kwa aibu. Saa 5 ngalawa mbili zilirudi matanga yameloa mpaka katikati, na wale mabaharia walikuwa hawaongei.

Tangu hapo kila asubuhi natazama vilele vya minazi kabla ya kutazama maji. Vikiwa vimelala kuelekea baharini na bado jua halijapanda, siku hiyo natengeneza nyavu.

Jambo la pili linalokwenda pamoja na hilo ni mkondo. Pwani yetu ya Afrika Mashariki maji ya nje yanakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi yanaongeza kasi. Kwa hiyo ukivunjika kafi nje ya kisiwa cha Misali, upepo na mkondo havigombani juu yako. Vyote vinakubaliana kukupeleka kaskazini.

Soma mwezi, kisha soma simu

Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hujaa karibu na saa 10 alfajiri na kupwa karibu na saa 4 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 4. Piga hesabu mwenyewe. Ukitoka saa 12 asubuhi, ghuba yote inamwagika nje pamoja nawe, na upepo nao unatoa. Ukigeuka saa 3 unapambana na wawili. Hata ukifika, pwani imehama: unaburuta kayaki matopeni kwenye mikoko, magoti yanazama, na samaki wanapigwa jua.

Maji mafu, mwezi ukiwa na siku saba au nane hivi na tena siku ishirini na mbili, saa zinageuka. Maji yanakuwa yamepwa alfajiri na yanajaa polepole mpaka saa 4 asubuhi. Asubuhi nzima yanaingia, tena bila nguvu nyingi. Mwanzo wa kusi mimi hutoka maji mafu tu. Wenzangu wananiambia bamvua ndiyo yenye samaki, na pengine ni kweli. Siku hizo nawaachia wenye mashine.

Kuna tahadhari moja hapo. Maji yanayoingia yakikutana na upepo unaotoka, mdomoni mwa ghuba kunatokea mawimbi mafupi, yamesimama wima, yamekaribiana kama ngazi. Si marefu, lakini kayaki haipati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine. Maji mafu huwa afadhali. Bamvua sehemu hizo usizijaribu.

Sasa simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutaja kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa na mawimbi kwa mita. Taarifa zao za kawaida za msimu huu ni za upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Hayo ni maneno ya majahazi na boti. Kwa mwenye kayaki, ikitajwa 40 hakuna la kujadili. Kikomo changu ni kilomita 18 kwa saa, yaani karibu noti 10 kwa zile programu zinazohesabu kwa noti. Kwa macho, hapo ndipo vishungi vyeupe vinaanza kuonekana kimoja hapa, kimoja kule. Vikiwa kila unapotazama, upepo umeshapita 20 na wewe ulipaswa kuwa nyumbani unakunywa chai. Ukiwa Unguja una kipimo kingine cha bure: ukiona tiara za wageni zimejaa angani pale Paje, huo upepo ni wao, si wako.

Na usiseme Mei bado mapema, kusi haijakomaa. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kusi ikikomaa nayo haitazami ukubwa wa chombo: MV Skagit, meli yenye injini na nahodha, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012 katika upepo mkali na bahari chafu.

Baridi: usiidharau kwa kuwa unaishi joto

Nchi za kaskazini, wavuvi wa kayaki wanaoanza msimu barafu ikiwa ndiyo kwanza imeyeyuka huingia kwenye maji ya nyuzi 4 au 5. Mtu akianguka humo anavuta pumzi bila kutaka, anameza maji, na anaweza kufa kabla baridi yenyewe haijamfika ndani. Wenzetu hao huvaa suti nzima za mpira. Sisi hatuna hayo. Maji yetu Machi yanakaribia nyuzi 30, na Julai au Agosti yanashuka mpaka 25 au 26. Mtu anasikia 26 anacheka.

Lakini mwili wako ni nyuzi 37, na maji yanachukua joto la mwili haraka mara nyingi kuliko hewa. Kwenye kayaki ya kukalia juu makalio yako yako majini muda wote. Mvua ya masika inakupiga saa 1 asubuhi, upepo unakuja nyuma yake, fulana ya pamba imeganda mgongoni. Baridi ya kwetu haikuui kwa dakika. Inaanza kukuibia vidole.

Niliibiwa hivyo siku moja Mei. Ndoana ilikatika, nikatoa nyingine, nikawa nafunga. Uzi unapita kwenye tundu, unatoka. Nikajaribu tena, unatoka. Nikakasirika, nikamlaumu muuza ndoana kwamba kaniuzia zenye matundu madogo. Mara ya sita ndipo nilipoona mikono yangu inacheza kama ya mzee wa miaka tisini, na kwamba nilikuwa nimeacha kutetemeka mwili bila kujua tangu lini. Sikuwa nimeanguka majini hata mara moja.

Kuanzia siku ile kila baada ya nusu saa nagusisha kidole gumba na kidole cha mwisho, mkono mmoja mmoja. Visipogusana kirahisi, safari imekwisha, hata kama ndiyo kwanza samaki wanauma. Vidole vinavyoshindwa kugusana haviwezi kushika kafi kwenye wimbi.

Mavazi hayahitaji pesa nyingi. Acha pamba. Vaa jezi ya mpira wa miguu, ile ya polista inayobana, juu yake sweta la sufu la mtumba; sufu ikiloa bado inatunza joto. Juu kabisa koti jepesi la mvua la kuzuia upepo, na kofia. Sweta watu watakucheka pwani. Waache. Chukua chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari nyingi na tende chache mfukoni.

Ukirudi umeganda, au ukimpokea mwenzio kaganda: vua nguo zote za maji, jifunge au mfunge shuka ama kanga kavu, mnyweshe kitu cha moto chenye sukari kama anameza vizuri na anaongea maneno yanayoeleweka. Usimchue mikono na miguu kwa nguvu, usimsogeze motoni. Akiwa anababaika maneno au anasinzia, mkimbizeni hospitali.

Vitu vya kufunga, na mahali pa kuvifunga

Jaketi okozi linavaliwa, halikaliwi. Naona wengi wameliweka chini ya makalio kama mto. Likiwa huko, kayaki ikipinduka jaketi linakwenda njia yake na wewe yako. Firimbi ifungwe kwenye jaketi, na kisu kidogo kifuani, mahali ambapo mkono wowote unafika.

Kafi lifungwe kwa kamba ya mita moja na nusu kwenye kayaki. Kayaki bila mtu, kwenye kusi, inakimbia kuliko unavyoogelea. Hilo nalijua kwa kujaribu, tena karibu na pwani na nilikuwa na nguvu zote. Kwa hiyo kafi likishikwa mkononi, na kamba ikilishika kafi, kayaki haikuachi.

Simu naiweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, lile la karanga, na kopo nalifunga kamba. Namba ya dharura 112 inajulikana, lakini weka pia namba ya kambi ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, iliyo karibu nawe na ya mwenye boti ya mashine kijijini. Huyo wa mwisho ndiye atakayefika kwanza.

Kagua kizibo cha nyuma cha kutolea maji kila asubuhi. Kayaki inayoingiza maji ndani haikuonyeshi. Inakuwa nzito tu na ya kuyumba, ukadhani ni mawimbi.

Ndoo ya lita 10 yenye mpini imara, na kamba ya mita 8, ndiyo nanga yangu ya maji. Naifunga omoni, mbele ya kayaki, naitupa. Inajaa, inavuta, omo inatazama upepo na kayaki inapunguza kukimbia. Nanga ya chuma natumia kwenye maji mafupi tu, na sifungi ubavuni hata kwa dakika moja: mkondo ukivuta kamba ya ubavuni, kayaki inalala upande na maji yanaingia juu. Omoni au tezini kwa nyuma, na fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja.

Kujifunza kupinduka kabla hujapinduka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopita haraka.

Chagua siku tulivu, maji ya kifuani, mwenzio amesimama kando. Vaa nguo zile zile za kuvulia, sweta na koti na jaketi. Jipindue. Utashangaa jinsi nguo zinavyokuwa nzito unapojaribu kujiinua. Sasa fanya hivi:

1. Kabla ya lolote, shika kayaki. Mkono mmoja, mahali popote, usiuachie.

2. Nenda katikati ya ubavu. Pitisha mkono juu ya tumbo lake, shika ukingo wa upande wa pili, kisha vuta huku umeegemea nyuma kwa uzito wote. Inageuka yenyewe.

3. Kaa upande wa joshini, kule upepo unakotoka. Ukikaa demani, wimbi litakutupia kayaki usoni.

4. Acha miguu ielee nyuma, piga mateke kama unayeogelea, jivute juu kwa kifua mpaka kitovu kifike katikati. Usijaribu kupanda kwa goti, goti linaipindua tena.

5. Ukiwa umelala kifudifudi, geuka taratibu makalio yakae kitini, kisha lete miguu ndani. Miguu mwisho.

Fanya mara tatu mfululizo. Ya kwanza utaona rahisi. Ya tatu utahema. Ukishindwa ya tatu katika maji ya kifuani, huna kazi nje ya Ras Mkumbuu mwezi wa tano.

Ikitokea kweli na umejaribu mara mbili ukashindwa, acha kujichosha. Panda juu ya tumbo la kayaki iliyopinduka, toa mwili majini kadiri unavyoweza, piga firimbi mara tatu tatu. Ikishindikana hata hiyo, kunja magoti kifuani, kumbatia mikono, acha jaketi likubebe, kamba ya kafi ikiwa mkononi. Usiogelee kwenda pwani. Pwani inaonekana karibu kwa mtu aliye usawa wa maji.

Siku yenyewe

Nusu saa kabla ya kutoka mwambie mtu mmoja wa nchi kavu: natoka hapa, naelekea pale, narudi saa 4, ikifika saa 5 sijapiga simu mwite mwenye boti. Mmoja, anayejua kuwa ni yeye. Ukiwaambia watano kila mmoja atadhani mwingine anaangalia.

Ingia saa 12 asubuhi kukipambazuka. Piga kafi kwanza kwenda joshini, ukiwa na nguvu na upepo bado umelala, kisha rambaza, yaani buruta mshipi nyuma, ukirudi nao. Kwa Wesha maana yake ni kubana upande wa kusini wa ghuba na kuacha upepo ukurudishe mbele ya kijiji. Watu hufanya kinyume, wanateleza na upepo mpaka walipo samaki, wanaona kazi nyepesi, halafu kurudi ndio mzigo, wakiwa wamechoka na wamejaa samaki.

Chukua alama mbili za nchi kavu zinazopangana, mimi natumia mnazi mmoja na paa la msikiti nyuma yake. Kila robo saa geuza omo kwenye upepo, piga kafi dakika tano, uangalie alama. Kama unasogea vizuri, endelea. Kama mnazi haujahama kwenye paa, rudi wakati huo huo. Usimalizie chambo.

Mshipi usiufunge mkononi wala mguuni. Kolekole mkubwa kwenye mashua ni sherehe. Kwenye kayaki ni mtu mwingine anayekuvuta ubavu. Mlete omoni au mbele ya magoti, na kama anakupinda, kata. Ndoana ni shilingi ngapi?

Wingu jeusi lenye ukingo kama kisu likitokea kusini, na chini yake maji yamebadilika rangi, una dakika chache. Kunja mshipi, kaza koti, elekea pwani iliyo karibu yoyote, si lazima yako. Nimewahi kulala kwenye dago, kambi ya wavuvi, la watu wa Kojani kwa sababu hiyo, nikala pono wa kuchoma na nikarudi kwetu kesho yake kwa miguu, kayaki nikaifuata baadaye.

Ukishafika

Mwaga maji, toa kizibo, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi, kamba ya kafi ianike isiozeshwe na chumvi. Lakini kabla ya hayo yote, kabla hata hujawatoa samaki, mpigie yule mtu wa nchi kavu umwambie umefika. Mimi nilisahau mara moja. Nilikuwa nimelala fofofo nyumbani, simu iko ndani ya kopo la karanga, na boti ya mashine ilizunguka Misali ikinitafuta mpaka adhuhuri. Waliporudi na kunikuta mlangoni nakwaruza samaki, hakuna aliyenigombeza. Walinyoosha tu dumu tupu la mafuta, lita 20, nikaenda kulijaza.